Sentimita tatu za kwanza za tuba: jinsi mauthipisi inavyokaa kwenye soketi

Malalamiko ya wapiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, hufanana popote bendi ilipo. Noti inachelewa kutoka. So ya juu haitulii: leo iko juu, kesho iko chini. Sauti za katikati zina ukungu, na mpigaji anachoka kabla ibada haijafika nusu. Lawama huangukia valvu, au pumzi ya mpigaji, au umri wa chombo. Sisi tunaozihudumia tuba za bendi za makanisa na shule tumejifunza kuanza kwingine: sentimita tatu za kwanza, pale mkia wa mauthipisi (kile kikombe cha chuma cha kupulizia) unapoingia kwenye soketi, yaani tundu la kuupokea.

Ni sehemu fupi mno kwenye chombo ambacho bomba lake likinyooshwa lina urefu wa mita 5.5 hivi kwa tuba ya B♭, na karibu mita 4 kwa tuba ya E♭. Lakini upande huo wa mdomo ndipo mgandamizo wa wimbi la sauti ulipo mkubwa, kwa kila noti, ya chini na ya juu. Kasoro ya milimita moja hapo inaweza kumsumbua mpigaji mwaka mzima. Kasoro ya ukubwa huohuo karibu na domo la tuba, kule sauti inakotokea, hataihisi.

Kabla ya yote, mikia. Tuba ilipewa hati ya kulinda uvumbuzi mjini Berlin mwaka 1835, kwa kiongozi wa bendi Wilhelm Wieprecht na mtengenezaji Johann Gottfried Moritz, na tangu hapo viwanda havijawahi kukubaliana kipimo kimoja cha mkia. Leo kuna makundi makuu matatu. Kuna mkia mdogo, unaokutana nao kwenye tuba za zamani za Kiingereza. Kuna mkia wa kawaida wa Kimarekani, ambao ncha yake huwa na kipenyo cha milimita 12.4 au 12.5 hivi. Na kuna mkia mkubwa wa Ulaya, wenye ncha ya milimita 13.2 na kuendelea. Kwa jicho, hasa mauthipisi ikiwa mkononi peke yake, tofauti hizo hazionekani.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yamechanganyika zaidi, na sababu inajulikana. Bendi za Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, pamoja na bendi za polisi na za majeshi, zilirithi vyombo vya Kiingereza. Vikundi vya tarumbeta vya Walutheri na Wamoravian nchini Tanzania vilipokea vyombo vingi kutoka Ujerumani. Juu ya hapo zimeongezeka tuba mpya zinazotoka China na India. Vyombo hivi hukaa stoo moja, na mauthipisi zake hutupwa kwenye kisanduku kimoja. Mpigaji akifika mazoezini huchukua iliyo safi au inayomfaa midomo, akaisukuma kwenye soketi, ikishika anaanza kupiga. Kushika siyo kukaa.

Mkia wa mauthipisi na soketi vyote vimechongoka: vinaanza vyembamba na kupanuka taratibu. Kwenye tuba mchongoko huo ni karibu 1 kwa 20, yaani kila milimita 20 za urefu, kipenyo huongezeka milimita 1. Namba hii ndiyo ufunguo wa kazi nzima, kwa hiyo ikae kichwani. Maana yake ni kwamba ukiongeza unene wa mkia kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, mauthipisi inatoka nje milimita 2. Ukiupunguza kwa kiasi hicho, inazama milimita 2. Sasa chukua mkia wa Kimarekani uuweke kwenye soketi ya Ulaya: tofauti ya milimita 0.8 inakuwa milimita 16 za kuzama kupita kiasi. Fanya kinyume chake, na mkia wa Ulaya utabaki nje milimita 16, ukiwa umeshikwa kwa kipande kifupi cha ncha tu. Wapigaji wengi wanaoamini wana mauthipisi mbaya wana mauthipisi nzuri iliyo kwenye soketi isiyo yake.

Hatua ya kwanza basi ni kuhakikisha mauthipisi inakaa, na inaanza kwa usafi. Soketi nyingi zina utando mgumu wa mate, mafuta na kutu ya kijani, na utando wa namna hiyo ukiwa mnene kama karatasi unatosha kusogeza mauthipisi milimita kadhaa. Tumia brashi ya kuoshea chupa ya mtoto, sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto yanaweza kubandua vanishi ya chombo. Msasa usiingie ndani ya soketi kwa sababu yoyote ile. Kausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, kisha tazama kwa tochi: mdomo wa soketi uwe mviringo kamili. Tuba ikianguka, au mauthipisi ikipigwa ikiwa ndani, mdomo wa soketi huwa yai. Hilo hunyooshwa na fundi wa vyombo kwa chuma kilichochongoka kwa kipimo kilekile. Ukijaribu kwa koleo utaipasua.

Kisha chora mistari minne kwenye mkia kwa penseli laini ya 2B, kutoka nchani kwenda juu, kila mmoja ukiwa robo mzunguko kutoka kwa mwenzake. Ingiza mauthipisi kwa mkono bila nguvu, izungushe robo mzunguko, itoe, usome mistari. Ikiwa imefutika kwa usawa kwenye urefu wote ulioingia, mkia na soketi vinalingana. Ikifutika karibu na mdomo wa soketi tu, ncha inaning'inia ndani bila kugusa kitu: ama mchongoko wa mkia ni mkali kuliko wa soketi, ama mdomo wa soketi umeminywa. Ikifutika nchani tu, mdomo wa soketi umelegea kwa kuchakaa au mkia una mchongoko mpole mno. Na ikifutika upande mmoja, kuna kitu si mviringo. Zungusha mauthipisi nusu mzunguko na urudie. Alama ikihama pamoja na mauthipisi, kasoro iko kwenye mkia. Ikibaki palepale, iko kwenye soketi.

Jaribio la mkono linafuata. Shika ukingo wa mauthipisi kwa vidole viwili uutikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Usisikie mchezo wowote. Mauthipisi inayocheza inavuja, na kuvuja hapo, penye mgandamizo mkubwa, huua mwanzo wa noti: mpigaji anapuliza, hewa inakwenda, sauti inafuata nyuma. Midomo hujifunza kubana ili kufidia, na ndiyo ile hali ya kuchoka mapema tuliyoitaja.

Kuna kasoro moja ambayo watu huipita bila kuiona, nayo ni mauthipisi inayogota. Mkia mwembamba unazama mpaka ncha yake inagonga ukingo wa paipu ya kwanza, ile inayotoka kwenye soketi kwenda kwenye valvu. Ukiingiza unasikia mgongano mkavu wa chuma kwa chuma badala ya kushikwa taratibu, na baada ya hapo mauthipisi inazunguka kwa wepesi. Mkia haukubanwa na ubavu wa soketi popote. Mpigaji huisukuma zaidi akidhani imelegea kidogo tu, na kwa miezi ncha ya mkia inapinda kwa ndani. Tazama ncha kwa tochi. Ikiwa na mikunjo au imepoteza uduara, peleka kwanza inyooshwe, maana vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vya uongo.

Mauthipisi ikishakaa vizuri, ndipo mwanya unapopata maana. Mwanya ni nafasi iliyopo kati ya ncha ya mkia na ukingo wa paipu ya kwanza. Kuupima hakuhitaji vifaa vya kiwanda. Chukua spoki ya baiskeli, ikate ncha iwe bapa, ilainishe kwa tupa na msasa mpaka haina makali. Ipitishe ndani ya soketi ikiwa imelala ubavuni mpaka iguse ukingo wa paipu na kusimama. Weka kidole kwenye spoki usawa wa mdomo wa soketi, itoe, upime. Rudia pande tatu za soketi. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu milimita, ama spoki haikulala vizuri, ama paipu imelehemiwa upande. Huo ni kina cha soketi. Kisha ingiza mauthipisi, piga mstari wa penseli kwenye mkia usawa wa mdomo wa soketi, itoe, upime kutoka nchani hadi kwenye mstari. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza. Kina kikiwa milimita 32 na mkia ukiingia milimita 25, mwanya ni milimita 7. Ukipata sifuri, inagota. Tuba nyingine hazina ukingo, soketi na paipu vimeungwa laini, na spoki inapita moja kwa moja. Hapo hakuna mwanya wa kuhangaikia, na kazi inaishia kwenye kukaa tu.

Andika namba hizi kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya kasha la tuba. Ni jambo dogo, lakini bila namba ya kuanzia kila badiliko baadaye ni kubahatisha.

Mwanya una kazi gani? Hewa inatoka kwenye ncha nyembamba ya mkia, inaingia ghafla kwenye chumba kipana kidogo, kisha inabanwa tena kuingia kwenye paipu. Kila ngazi ya namna hiyo hurudisha sehemu ya wimbi nyuma, na ujazo wa kile chumba unaongezeka kwenye ujazo wa kikombe cha mauthipisi. Mwanafizikia Mmarekani Arthur Benade alieleza vizuri kwa nini jambo hili haligusi noti zote sawasawa. Kwa noti za chini, tuba inahesabu mauthipisi kwa ujazo wake tu. Kadiri noti inavyopanda, mauthipisi huonekana ndefu zaidi kuliko urefu wake halisi, hivyo noti za juu hushushwa kuliko za chini. Ukiongeza ujazo karibu na midomo, iwe kwa kikombe kirefu au kwa mwanya mpana, unagusa uhusiano kati ya do ya chini na do ya juu, siyo kimo cha sauti ya chombo kizima.

Unaweza kulisikia hili kwa mkono. Shika mauthipisi nje ya tuba, piga ukingo wake kwenye kiganja mpaka kikombe kizibike, na usikilize ule mlio mfupi. Mauthipisi yenye mlio wa chini zaidi itaelekea kushusha noti za juu zaidi. Weka mbili mezani uzilinganishe. Tofauti husikika mara moja, na hukuonya kabla hujaipeleka bendi nzima kwenye tamasha na mauthipisi mpya.

Hapa ndipo imani nyingi zinapohitaji hesabu. Watu husogeza mauthipisi wakitaka kushusha au kupandisha tuba. Kwenye tuba ya B♭ yenye mita 5.5, kutoka nje milimita 4 kunashusha sauti kwa senti 1.3 hivi, na nusutoni moja ina senti 100. Ukivuta slaidi kuu, lile bomba la kuvuta la kutyunia, sentimita 1, bomba linaongezeka sentimita 2 kwa kuwa slaidi ina miguu miwili, na sauti inashuka senti 6. Halafu kuna joto: kila nyuzi 1 ya hewa iliyo ndani ya bomba hupandisha sauti kama senti 3. Tuba iliyotoka kwenye kivuli cha kanisa ikasimama juani Mombasa saa nane mchana imebadilika kuliko mauthipisi yoyote inavyoweza kuibadilisha. Kwa hiyo kutyuni ni kazi ya slaidi. Kukaa kwa mauthipisi ni kwa ajili ya mwanzo wa noti, kutulia kwa noti, na noti za juu kukubaliana na za chini. Anayeitumia kwa jambo jingine atasumbuka bure.

Sasa jaribio la karatasi, ambalo ndilo tunalolipenda kwa sababu halina gharama na linarudi nyuma kwa sekunde moja. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80, ina unene wa milimita 0.1. Ikizunguka mkia mara moja inaongeza kipenyo kwa 0.2, kwa kuwa iko pande zote mbili. Zidisha kwa 20: mauthipisi inatoka nje karibu milimita 4. Hiyo ni hatua kubwa. Kwa hatua ndogo tumia karatasi ya risiti ya EFD, ambayo ni nyembamba na husogeza milimita 2 na kidogo. Karatasi ya kusokotea sigara husogeza takribani milimita 1. Zote hubanwa kidogo zinapoingia, kwa hiyo baada ya kila badiliko pima tena kwa mstari wa penseli, usitegemee hesabu peke yake.

Namna ya kuikata ndiyo inayofanya jaribio liwe la kweli. Kata kipande cha upana wa milimita 20 na urefu wa milimita 42 hivi, kisha kizungushe kwenye mkia ukipunguza mpaka miisho miwili ikutane bila kupandana. Mwisho mmoja ukipanda juu ya mwingine, upande mmoja unakuwa na unene maradufu, mauthipisi inakaa upande, na utakachokisikia ni kuvuja, siyo mwanya. Karatasi isizidi ncha ya mkia, kwa kuwa ikijikunja mbele inaziba njia ya hewa na kuleta mlio wa kuzomea. Usitumie gundi. Ishike kwa kidole, ingiza, zungusha robo, basi. Mate yakiifikia inalainika, hivyo kwa kila jaribio weka mpya.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba haifai hapa, ingawa inatumika sana. Inanyooka, inateleza na haina unene unaobaki. Unaizungusha mara tano bila kujua umeongeza kiasi gani, mauthipisi inacheza kama imekaa kwenye mpira, na baada ya wiki nyuzi zake unazikuta kwenye valvu ya kwanza. Tuba zenye valvu za mzunguko huteseka zaidi, kwa sababu uzi mmoja unatosha kukwamisha rota, ile sehemu ya valvu inayozunguka.

Kusikiliza kunahitaji watu wawili. Mpigaji apige dakika 10 kwanza chombo kipate joto. Msaidizi aingize mauthipisi yeye mwenyewe, na mpigaji asiambiwe kuna karatasi gani au kama ipo. Hili tunalisisitiza kwa moyo wote: mpigaji anayejua ameongezewa karatasi hubadilisha midomo yake bila kukusudia, na midomo ina nguvu kuliko karatasi. Simu iwekwe mita 3 mbele ya domo, mahali palepale kila mara, irekodi. Mpigaji apige noti za wazi, bila kubonyeza valvu, kutoka chini kwenda juu: do, so, do, mi, so, do. Kila noti mara nne fupi, kisha moja ndefu yenye sauti ya kati. Asitazame tyuna, kifaa cha kupimia kimo cha noti. Msaidizi ndiye aitazame na kuandika senti za kila noti ndefu.

Mi ya wazi kwa asili yake huwa chini kwa senti 14 ukilinganisha na piano, kwa hiyo usishtuke ukiiona hapo, wala usijaribu kuiponya kwa mauthipisi. Unachotafuta ni umbali kati ya so mbili, umbali kati ya do tatu, na hasa jinsi zile noti nne fupi zinavyoanza. Kwenye rekodi, mwanzo mzuri ni safi mara zote nne. Mwanzo mbovu utasikia pumzi kwanza halafu sauti, au noti inagusa jirani yake kabla ya kutua.

Tunayoyasikia mara nyingi ni haya. Mwanya ukiwa mpana mno, noti huwa na nafasi kubwa ya kuyumba: mpigaji anaweza kuzipinda kirahisi, zile za chini zinakuwa na wasaa, lakini so na do za juu hazina mahali pa kutua, na katika bendi zinamezwa. Mwanya ukipungua, noti hupata kitovu, mwanzo unakuwa mwepesi, sauti inabeba mbali. Ukipungua mno kwa tuba fulani, noti zinakuwa ngumu kama zimefungwa mahali, na mpigaji aliyezoea kurekebisha kwa midomo anahisi chombo kinamkatalia. Hakuna namba moja inayofaa tuba zote. Tuba ya E♭ iliyo bora kwa milimita 3 inaweza kukaa stoo moja na ya B♭ iliyo bora kwa 8, na hata mauthipisi mbili kwenye tuba moja hazikubaliani, kwa kuwa kikombe na koo lake, lile tundu jembamba chini yake, vina sehemu yao katika hesabu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mauthipisi na mwanya siku moja hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Karatasi inasogeza mauthipisi nje tu. Ukitaka izame, lazima chuma kipungue, na hapo ndipo watu huharibu. Kusugua mkia kwa msasa wa mkononi hakutoi mviringo. Hutoa pande bapa zisizoonekana kwa macho, ila mistari ya penseli itazifichua. Kazi hiyo ni ya mashine ya kukereza, na ni ya kuondoa 0.1, siyo 0.5. Kila 0.1 ya kipenyo inazamisha milimita 2, kwa hiyo anayetaka kuzama milimita 3 anaondoa 0.15 tu. Kabla ya kukereza hakikisha kwa spoki kwamba nafasi ipo. Soketi yenye mwanya wa milimita 2 haina milimita 3 za kutoa, na mauthipisi itagota.

Njia nyingine, inayosahaulika, ni kukata ncha. Ukiondoa milimita 3 nchani, mauthipisi inakaa palepale ilipokuwa, ukingo wake hausogei, urefu wa chombo kwa mpigaji ni uleule, lakini mwanya unaongezeka milimita 3. Karatasi ikikuonyesha kwamba mwanya mpana unasaidia huku mpigaji akilalamika kwamba mauthipisi imekuja mbali sana usoni, kukata ndiko jibu. Kukata hakurudi nyuma, ndiyo maana tunaanza na mauthipisi ya bei nafuu. Koo la mauthipisi tusingependa liguswe kabisa. Kulipanua kwa kekee kunabadilisha kila kitu kwa pamoja, na tumeona mauthipisi nzuri zikiisha kazi kwa namna hiyo.

Kwa mkia wa Kimarekani kwenye soketi ya Ulaya, suluhisho la kudumu ni ala, yaani mfuko mwembamba wa kuvalisha mkia, ya shaba nyeupe au ya njano, iliyochongoka ndani na nje, yenye ukuta wa milimita 0.4 hivi. Ni nyembamba, na fundi asiyezoea ataipasua mashineni, kwa hiyo akereze ndani kwanza, aiweke juu ya chuma kilichochongoka, ndipo akereze nje. Kwa mkia wa Ulaya kwenye soketi ya Kimarekani hakuna ala: ni kukereza mkia au kutafuta mauthipisi nyingine. Zipo pia soketi zenye skrubu zinazosogeza mwanya bila kutoa mauthipisi. Ni nzuri kwa mtu mwenye tuba yake mwenyewe. Kwenye tuba ya bendi inayoshikwa na wengi, skrubu hulegea, huanza kutetemeka, na hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi.

Mauthipisi iliyonasa haitolewi kwa spana wala plaizi. Soketi na paipu vimelehemiwa kwa risasi, na nguvu ya kuzungusha itazing'oa au kuzisokota. Tia tone la mafuta mepesi kwenye mshono, subiri usiku mzima, kisha zungusha mauthipisi kwa mkono huku mwingine akigonga ubavu wa soketi kwa nyundo ndogo ya mti, taratibu, kuzunguka pande zote. Ikikataa, chombo cha kuvutia mauthipisi kinavuta wima bila kusokota, na bendi kubwa inafaa iwe nacho. Wanafunzi wasipige kiganja kwenye ukingo mauthipisi ikiwa ndani ya tuba. Lile pigo la kujifurahisha ndilo linalonasisha nyingi tunazoletewa.

Jambo moja la kukagua iwapo mauthipisi imekaa, mwanya umepimwa, na bado mwanzo wa noti ni mzito: kiungo cha soketi na paipu chenyewe. Toa slaidi kuu, ziba kwa kiganja bomba lililo wazi upande wa mauthipisi, paka povu zito la sabuni kuzunguka kiungo cha soketi, kisha puliza kwa nguvu kwenye mauthipisi bila kutoa sauti. Vipovu vikichomoza kwenye risasi, hakuna karatasi itakayosaidia mpaka kiungo kilehemiwe upya.

Unapompelekea mkerezaji, usimwambie "ipunguze kidogo". Mpe mauthipisi, na ukiweza mpe tuba. Kama tuba haibebeki, mpe karatasi yenye vipimo vitano: kipenyo cha mkia nchani, kipenyo chake milimita 20 kutoka nchani, urefu unaoingia sasa, kina cha soketi, na urefu unaotaka uingie. Vipimo viwili vya kwanza vichukuliwe kwa kalipa ya venia, kila kimoja pande mbili zinazokatana, maana mkia uliochakaa huwa na namba mbili. Mwambie mchongoko ubaki uleule uliopo, aondoe nusu ya kiasi kwanza, aingize kwenye soketi apime, ndipo amalizie. Akimaliza asing'arishe mkia kwa kitambaa cha mashine, kwa sababu kinakula kingo za ncha kuzifanya za mviringo, na mwanya uliouhesabu hautakuwa ule.